Mlango ukipanuliwa, wengi hubaki ndani: rezonansi na kaosi katika mifumo wazi ya kwanta

Chukua sahani ya shaba iliyofuliwa kwa nyundo, kama zile zenye picha za vijiji na ndege zinazouzwa na mafundi wa Lubumbashi, mji wa Katanga nchini Kongo. Ining'inize kwa uzi, uigonge kwa kidole: inalia kwa muda mrefu. Ilaze mezani, uigonge tena. Mlio unafanana na ule wa kwanza, ila unakufa papo hapo. Meza haikugeuza sana sauti yenyewe. Imegeuza muda ambao sauti inadumu, kwa sababu sasa nguvu ya mtikisiko ina mahali pa kukimbilia.

Fizikia ya kwanta (ile ya vitu vidogo kama atomu na elektroni) inayofundishwa miaka ya kwanza ya chuo inahusu sahani ya kwenye uzi. Elektroni iko ndani ya kisanduku chenye kuta zisizopitika, nishati zake ni ngazi kali zenye namba halisi, na kila hali inadumu milele. Hesabu hiyo ni nzuri, lakini katika dunia tunayoishi hakuna kisanduku cha namna hiyo. Atomu hutoa mwanga, kiini hutoa nyutroni, na elektroni hutoroka kupitia waya uliounganishwa ili kuipima. Huo ndio mfumo wazi, na ngazi zake zinaitwa rezonansi.

Rezonansi moja inahitaji namba mbili. Ya kwanza ni mahali pake kwenye mstari wa nishati, E. Ya pili ni upana wake, Γ. Wanafizikia huzifunga pamoja katika namba changamano moja, E − iΓ/2, ambapo i ni mzizi wa −1. Sehemu yenye i inaweza kuonekana kama mapambo ya kihesabu, lakini ndiyo inayofanya kazi ya meza. Wimbi linalobadilika kwa wakati kulingana na nishati hiyo hupungua, na uwezekano wa kulikuta bado ndani hushuka kama e kwa kipeo cha −Γt/ħ. Kwa hiyo umri wa hali hiyo ni τ = ħ/Γ, ambapo ħ, namba ya Planck gawa kwa 2π, ni 6.58 × 10⁻¹⁶ elektroni-volti sekunde (elektroni-volti ni kipimo kidogo cha nishati). Rezonansi nyembamba huishi sana, na pana hufa mapema. Mwaka 1928 George Gamow, na kando yake Ronald Gurney na Edward Condon, walieleza kwa njia ya wimbi linalovuja namna chembe ya alfa inavyotoka ndani ya kiini.

Mfano ulio karibu na Wakatanga uko ardhini. Madini ya Shinkolobwe, karibu na Likasi, yaligunduliwa mwaka 1915, na urani yake ndiyo iliyolisha mradi wa Manhattan wa Marekani, ule wa bomu la atomiki. Zaidi ya asilimia 99 ya urani ya asili ni urani-238. Nusu-umri wake kwa njia ya alfa ni miaka bilioni 4.47. Ukiugeuza muda huo kuwa upana unapata takriban 3 × 10⁻³³ elektroni-volti, namba ndogo kiasi kwamba hakuna chombo kitakachoupima kama upana. Sasa mtupie kiini hicho hicho nyutroni ya polepole. Nyutroni ikiwa na 6.67 elektroni-volti inamezwa kwa nguvu kubwa mno, na kilele hicho kina upana wa karibu 0.025 elektroni-volti, yaani umri wa 2.6 × 10⁻¹⁴ sekunde. Kati ya hali hizo mbili kuna tofauti ya makumi ya tarakimu, lakini lugha inayozieleza ni moja.

Umri huo wa pili, ingawa unaonekana mfupi, ni mrefu ajabu. Ndani ya kiini nyutroni huenda kwa karibu robo ya kasi ya mwanga au zaidi kidogo, na kipenyo cha kiini cha urani ni kama femtomita 15 (femtomita ni sehemu ya milioni ya bilioni ya mita). Kukivuka mara moja ni kazi ya 1.7 × 10⁻²² sekunde. Maana yake, kabla hali hiyo haijavunjika, kuna muda wa kuvuka kiini mara milioni 150. Nyutroni haikupita tu. Imeingia, ikagongana, ikagawana nishati yake na wenzake zaidi ya mia mbili, na hakuna mmoja mwenye nishati ya kutosha kutoka. Niels Bohr alilieleza jambo hilo mwaka 1936 kwa picha ya mipira iliyojaa kwenye bakuli: mpira mmoja unaingia kwa kasi, vurugu inaanza, na inabidi kungoja hadi bahati ikusanye tena nishati ya kutosha kwa mmoja wao karibu na ukingo. Hapo rezonansi na kaosi zilikutana, miongo kadhaa kabla neno kaosi halijazoeleka kwenye fizikia.

Kaosi si kelele wala si bahati nasibu. Kwenye mfumo wa kawaida wa Newton, kaosi ni pale njia mbili zilizoanza karibu sana zinapoachana kwa kuzidishwa: umbali kati yake unakuwa mara mbili, kisha mara nne, kisha nane, huku kanuni ikiwa imenyooka kabisa. Mpira wa biliadi kwenye meza ya mstatili hauna tabia hiyo. Uweke kwenye meza yenye umbo la uwanja wa riadha, pande mbili zilizonyooka na ncha mbili za nusu duara, na baada ya kugonga ukingo mara chache hutajua utakuwa wapi, isipokuwa ulijua mwanzo wake kwa usahihi usiowezekana.

Wimbi la kwanta halina njia moja ya kufuatwa, na mlinganyo wa Schrödinger ni wa mstari mnyoofu: mawimbi mawili yanayofanana hubaki yakifanana. Anayetafuta kaosi ya aina ya Newton ndani yake hataiona. Kinachobaki ni nyayo, nazo zinaonekana kwenye takwimu za ngazi. Pima nafasi kati ya kila ngazi na inayoifuata, gawa kwa wastani, uite matokeo s. Umbo lisilo na kaosi kwa kawaida hutoa ngazi zisizojuana: uwezekano wa s hufuata e kwa kipeo cha −s, na nafasi ndogo sana ni za kawaida. Umbo lenye kaosi hutoa ngazi zinazosukumana: uwezekano ni (π/2)s mara e kwa kipeo cha −πs²/4, na karibu na sifuri hakuna kitu. Fomula hiyo ya pili ni ya Eugene Wigner, aliyekuwa akisoma rezonansi za nyutroni kwenye viini vizito kama urani, ambako baada ya 6.67 huja 20.87, halafu 36.68, halafu 66.03 elektroni-volti, bila mpangilio wa wazi. Mwaka 1984 Oriol Bohigas, Marie-Joya Giannoni na Charles Schmit walidai kwamba meza moja tu ya biliadi yenye umbo la kaosi, na wimbi moja ndani yake, inatosha kutoa takwimu hizo hizo, hata bila chembe mia mbili. Dai hilo limestahimili majaribio mengi.

Majaribio mengine hayahitaji kiini wala elektroni. Yanahitaji shaba.

Kisanduku bapa cha metali, kikiwa chembamba kuliko nusu ya urefu wa wimbi, hulilazimisha wimbi la redio lisimame wima kati ya bapa la chini na la juu. Hapo mlinganyo wake ni ule ule wa chembe ya kwanta ndani ya biliadi ya umbo hilo. Nafasi ya nishati inachukuliwa na mraba wa namba ya wimbi. Hans-Jürgen Stöckmann na Jürgen Stein walifanya hivyo Marburg, Ujerumani, mwaka 1990. Miaka miwili baadaye kundi la Darmstadt lilitumia visanduku vya niobi, ndugu wa tantali ndani ya koltani, vilivyopozwa hadi vikakosa ukinzani kabisa. Shaba ya kawaida kwenye joto la chumba inatosha kwa mengi, mradi mtu ajue mahali pa kuangalia. Kusema kisanduku hicho "ni kwanta" ni kosa. Hesabu ndiyo moja.

Vipimo vinavyofaa maabara ya kawaida ni hivi. Tumia robo ya uwanja wa riadha: mraba wa sentimita 20 kwa 20, kando yake robo ya duara yenye nusu-kipenyo cha sentimita 20. Eneo ni sentimita za mraba 714, mzingo sentimita 111. Kuta za pembeni zifanywe kwa fito za shaba za kimo cha milimita 10, na juu na chini ziwe sahani za unene wa milimita 3 au zaidi ili zisipinde. Kwa kimo hicho wimbi linabaki la pande mbili (urefu na upana tu) hadi 15 gigahezi. Vipimio vidogo vya mawimbi, kama LiteVNA, vinafika 6 gigahezi na kidogo, kwa hiyo usalama upo.

Kwa nini robo na si uwanja mzima? Uwanja mzima una mihimili miwili ya ulinganifu. Ngazi zake ni mafungu manne yaliyochanganywa kwenye mstari mmoja, na ngazi za mafungu tofauti hazisukumani. Ukipima uwanja mzima utapata takwimu zinazokaribia zile za mstatili, utajiambia hakuna kaosi, na kosa litakuwa la msumeno. Umbo hili lina doa jingine: kati ya kuta mbili zilizonyooka wimbi linaweza kudunda juu chini bila kuifikia ile duara, na hali hizo chache hupotosha takwimu. Anayetaka usafi huinamisha ukuta mmoja kwa digrii chache au huweka diski ya shaba ndani.

Kabla ya kuwasha chombo, hesabu idadi ya rezonansi unayotarajia. Fomula ya Weyl inasema idadi hadi marudio f (mitetemo ya wimbi kwa sekunde) ni πAf²/c² toa Lf/2c, ambapo A ni eneo, L ni mzingo na c ni kasi ya mwanga. Kwa kisanduku hiki jibu ni kama 79 hadi 6 gigahezi. Karibu na 6 gigahezi wastani wa nafasi kati yake, tuuite D, ni megahezi 36. Ukihesabu 60 badala ya 79, rezonansi hazikupotea kwenye fizikia, zimepotea kwenye kipimo.

Hupoteaje? Sindano ya antena inayoingia kisandukuni, milimita 1 au 2 tu, huhisi wimbi la mahali pale ilipo. Mahali wimbi ni sifuri, rezonansi haionekani. Na katika mfumo wa kaosi nguvu ya wimbi kwenye nukta moja hutawanyika sana: kwa sheria ya Porter na Thomas ya mwaka 1956, karibu robo ya rezonansi zote zina nguvu chini ya sehemu moja ya kumi ya wastani. Dawa ni kutoboa matundu ya antena mahali patatu au pane pasipo na utaratibu, kupima kutoka kila moja, kisha kuunganisha orodha. Usirefushe sindano ili uone zaidi. Sindano ndefu inazidisha uvujaji, inapanua vilele na kuvisogeza, mpaka unapima antena badala ya kisanduku.

Hatua za kupima nazo zina mtego. Kina cha ngozi ya shaba, yaani kina ambacho wimbi hupenya ndani ya metali, kwenye 6 gigahezi ni mikromita 0.85, na kutokana na hilo kisanduku kizuri kingekuwa na ubora (marudio gawa kwa upana wa kilele) wa karibu 11,000, yaani vilele vya upana wa megahezi 0.55. Kwa kawaida hupati hata nusu ya ubora huo, na mkosaji karibu kila mara ni kiungo kati ya fito na kifuniko: skrubu kila sentimita 2 hadi 3, nyuso zimesuguliwa hadi zing'ae, kutu ya kijani imeondolewa. Basi tarajia vilele vya megahezi 1 hadi 1.5. Hatua ya kupima isizidi megahezi 0.1. Chombo kidogo kinachotoa nukta 1001 kwa mpigo kitahitaji kuongozwa na kompyuta kwa vipande vya megahezi 100, vipande 50 kutoka 1 hadi 6 gigahezi.

Halafu kuna joto. Shaba hutanuka sehemu 17 kwa milioni kwa kila digrii. Kwenye 6 gigahezi hiyo ni megahezi 0.1 kwa digrii moja. Kati ya asubuhi ya baridi ya mwezi wa sita Lubumbashi na saa nane mchana, joto la chumba kisichopozwa linaweza kupanda digrii 10 na zaidi, na vilele vyote vikasogea kwa megahezi 1, sawa na upana wake. Unyevu wa msimu wa mvua nao huongeza kiasi ambacho hewa hupunguza kasi ya wimbi, athari yake ikifanana na digrii kadhaa za joto. Pima haraka, au pima usiku.

Ukishapata orodha, jaribio la haraka ni hili: hesabu nafasi zilizo chini ya sehemu moja ya kumi ya wastani. Kati ya nafasi 78, kaosi ya Wigner inaruhusu chini ya moja. Mstatili wa eneo lile lile, sentimita 35.7 kwa 20, utakupa kama saba. Hakuna haja ya takwimu nzito kuona tofauti hiyo.

Hadi hapa kisanduku kimekuwa kama kimefungwa. Sasa kata mlango.

Ondoa sentimita 11 za ukuta wa pembeni. Wimbi linatoka kupitia njia zenye kuhesabika: kila nusu ya urefu wa wimbi inayoingia kwenye upana wa mlango ni njia moja. Kwenye 6 gigahezi urefu wa wimbi ni sentimita 5, hivyo mlango huu una njia 4. Mlango wenyewe hautoshi, kwa kuwa wimbi likifika ukingoni kwenye hewa tupu sehemu yake hurudi ndani, na lililotoka hugonga ukuta wa chumba au mtu anayepita na kurudi pia. Weka mfereji wa shaba mbele ya mlango na ujaze sponji yenye kaboni iliyokatwa kama kabari, ncha ikielekea ndani. Ikiwa vilele vinacheza mtu anapotembea chumbani, kabari ni fupi.

Wanafizikia wa viini wana makadirio ya zamani: upana wa kawaida ni idadi ya njia mara D gawa kwa 2π. Njia 4 mara megahezi 36 gawa kwa 6.28 ni megahezi 23. Sasa fanya hesabu ya mpira badala ya wimbi. Mpira unaokwenda kwa kasi c ndani ya biliadi yenye mlango wa upana w hutoka kwa kiwango cha cw/πA. Kwa vipimo vyetu wastani wa kukaa ndani ni nanosekunde 6.8, safari ya mita 2 hivi, kugonga ukuta mara 10. Geuza kiwango hicho kuwa upana: megahezi 23. Namba ni ile ile, na si bahati. Muda wa kukaa wa mpira na upana wa rezonansi ni kitu kimoja kinachotazamwa kutoka pande mbili.

Upana wa megahezi 23 na nafasi ya 36: vilele vimeanza kukanyagana. Njia zikifika 6 au 7, upana unalingana na nafasi, na hapo kazi ya kuchora kilele kimoja kimoja imekwisha. Mchoro bado una milima na mabonde, lakini kila mlima ni rezonansi nyingi zilizojumlishwa, na kuhesabu milima kama ngazi ni kosa linalorudiwa sana. Torleif Ericson alionyesha mwaka 1960 kwamba bado kuna cha kuvuna. Linganisha mchoro na nakala yake iliyosogezwa kwa kiasi kidogo cha marudio, uone ufanano unapungua kwa kasi gani. Ufanano hushuka hadi nusu pale msogeo unapofikia upana wa wastani. Kadiri unavyotumia dirisha pana la marudio ndivyo jibu linavyotulia: dirisha la megahezi 500 lenye upana wa 23 ni sawa na sampuli huru 20 hivi, na kosa la asilimia 20 lisikushangaze.

Kosa la kinyume liko kwenye urani. Kilele cha 6.67 kikipimwa kwenye joto la chumba, mitikisiko ya atomu hukipanua kwa kiasi cha 0.053 elektroni-volti, mara mbili ya upana wake wa asili. Anayegeuza upana huo kuwa umri atakuwa amepima joto la sampuli. Kwenye vinu vya nyuklia upanuzi huo una faida: mafuta yakipata moto, kilele hupanuka, urani-238 humeza nyutroni nyingi zaidi, na mwako hujizuia wenyewe.

Sasa sehemu ambayo watu wengi huikataa wanapoisikia mara ya kwanza. Mlango ukizidi kufunguliwa, wanaotoka wanaongezeka, au sivyo? Inategemea. Kompyuta ya kawaida, hata ikitumia betri wakati umeme umekatika, inaweza kulionyesha kwa sekunde chache. Kwenye Python yenye maktaba ya numpy, tengeneza matriki ya namba za nasibu 400 kwa 400, zenye wastani sifuri na mtawanyiko 1. Ijumlishe na kivuli chake kilichogeuzwa safu kuwa nguzo, kisha gawa kwa mzizi wa 800. Hiyo ni H, mfumo uliofungwa wenye kaosi. Ngazi zake ziko kati ya −2 na 2. Tengeneza vekta v ya namba 400 yenye urefu 1: huo ndio mlango, wenye njia moja. Kisha tafuta thamani maalumu za H − iκvvᵀ. Kipimo κ ni nguvu ya muungano kati ya ndani na nje.

Jumla ya sehemu zote zenye i lazima iwe κ kamili, kwa sababu jumla ya ulalo wa matriki haibadiliki. Hiyo ni akiba ya upana, na rezonansi 400 zinaigawana. Kwa κ ya 0.2 zinagawana 0.2, kila moja ikipata kidogo. Kwa κ ya 1 zinagawana 1, na huo ndio uwazi kamili: wimbi lijalo kutoka nje haliakisiwi kwa wastani. Panda hadi κ ya 5. Akiba imekuwa 5, lakini rezonansi moja inachukua takriban 4.8. Zilizobaki, 399, zinagawana 0.2. Zimerudi pale zilipokuwa kwenye mlango uliofunguliwa kidogo.

Kanuni ya jumla ni kwamba mlafi huchukua κ − 1/κ, na wengine wote hubaki na 1/κ. Upitishaji wa mlango ni 4κ/(1+κ)², na fomula hiyo haitofautishi κ na 1/κ: kwa 5 na kwa 0.2 jibu ni 0.56. Ukitazama mchoro, hali yenye upana mkubwa haionekani kama kilele kabisa. Ni mandharinyuma laini, na juu yake vilele vyembamba vinarudi kana kwamba kisanduku kimefungwa tena. Sababu yake ni ya kimawimbi. Muungano mkali mno kati ya ndani na mlango huunda hali moja inayoishi mlangoni, na hali hiyo inawazibia wengine, kama abiria wa kombi wanaosongamana mlangoni wakati viti vya nyuma viko tupu. Mwaka 2000 kundi la Marburg pamoja na Ingrid Rotter waliliona jambo hili kwa kisanduku cha mikrowevu chenye mlango unaoweza kurekebishwa.

Hapo yale makadirio ya D gawa kwa 2π nayo yanahitaji tahadhari. Yanaeleza kiwango cha kutoka na upana wa rezonansi ya kawaida. Wastani wa hesabu, ukijumlisha zote na kugawa, huvutwa juu na chache pana sana, na kwenye uwazi kamili wastani huo hauna kikomo kadiri matriki inavyokua. Ripoti inayotoa wastani peke yake haijasema kitu. Toa mtawanyiko mzima, au angalau thamani ya katikati.

Mlango ukiwa mkubwa hadi kuta karibu zinakwisha, swali linageuka: ni nani anayebaki? Weka diski tatu za shaba kwenye pembe za pembetatu, bila kuta, sponji ikizunguka pande zote. Karibu kila mpira hutoroka baada ya kugonga mara chache. Wanaobaki milele ni wale walioanza kwenye seti nyembamba sana ya njia, iliyojaa mianya ndani ya mianya, kama vumbi. Pierre Gaspard na Stuart Rice waliuchambua mfumo huu mwaka 1989, kwa Newton na kwa kwanta. Rezonansi zinazoishi muda mrefu hukaa juu ya vumbi hilo, na idadi yake hufuata unene wake. Katika kisanduku kilichofungwa, ukiongeza marudio mara mbili idadi ya ngazi huongezeka mara 4. Kwenye mfumo wazi wenye kaosi kipeo si 2 tena, ni 1 na sehemu, na sehemu hiyo ni kipimo cha vumbi. Ikiwa ni nusu, kuongeza marudio mara mbili kunaleta rezonansi mara 2.8 tu. Wentao Lu, Srinivas Sridhar na Maciej Zworski waliipima kwa hesabu za diski tatu mwaka 2003. Diski zikitenganishwa vya kutosha kuna zaidi ya hapo: chini ya upana fulani hakuna rezonansi hata moja, na mwaka 2013 majaribio ya mikrowevu ya Marburg yaliuona mwanya huo.

Anayetaka kujaribu diski tatu ajue kwamba hapa vilele havionekani kwa macho. Kila kitu ni kipana, na data ghafi hufanana na mstari unaopinda taratibu. Inabidi kupima ukubwa na awamu ya ishara pamoja, kusawazisha nyaya hadi kwenye sindano za antena, kisha kutafuta namba changamano zinazojenga ishara hiyo kama jumla ya mawimbi yanayokufa. Njia hiyo hutoa pia rezonansi za uongo. Rudia hesabu kwa madirisha matatu ya marudio yaliyopishana kidogo, na ubaki na zile tu zinazojitokeza katika yote matatu mahali pale pale.